Hoja ya Kwanza: Kupatikana kwa Ardhi Kubwa

Kwa miaka kumi na miwili nimefundisha historia ya Marekani kwa hoja sita. Aliyesoma sekondari nchini mwetu ananielewa. Swali la insha linataka utangulizi, hoja sita na hitimisho. Ukileta tano umepungukiwa, ukileta saba umejichosha bure. Swali la sababu zilizoifanya Marekani kuwa taifa kubwa la kibepari nalijua hata nikiamshwa usingizini. Hoja ya kwanza ni kupatikana kwa ardhi kubwa yenye rutuba. Ya pili ni madini. Ya tatu ni nguvu kazi ya watumwa na wahamiaji. Zinafuata viwanda, vita vya wenzao vilivyowatajirisha, na ile siasa yao ya kujitenga na ugomvi wa Ulaya. Niliziandika nikiwa chuoni kwenye daftari la jalada gumu, na daftari hilo hilo, mgongo wake umeshikwa kwa selotepu, ndilo ninaloingia nalo darasani mpaka leo.

Shule yetu ni ya bweni, kidato cha tano na cha sita, upande wa Masumbwe. Ukitokea Kahama unaipita bila kuiona, maana bango liliangushwa na lori la mpunga na hakuna aliyelisimamisha. Nilimwambia mkuu wa shule kuhusu bango hilo mara tatu, kisha nikaacha. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, lakini hasira zangu hazifiki mbali.

Siku ninayoikumbuka nilikuwa naisoma hoja ya kwanza. Nilisoma kwa Kiingereza kama sheria inavyotaka, kisha nikaeleza kwa Kiswahili kama maisha yanavyotaka. Msichana mmoja wa mstari wa pili alinyoosha mkono. Alikuwa mtulivu, mwandiko wake mzuri, na hakuwa na kawaida ya kuuliza.

"Madam, ilipatikanaje?"

"Nini?"

"Hiyo ardhi."

Nilimwambia Wazungu walivuka bahari wakaikuta. Akauliza waliikuta na watu? Nikasema ndiyo, wale walioitwa Wahindi Wekundu. Halafu akauliza, "Sasa makaburi yao alihesabu nani?"

Darasa lilicheka. Mimi nilikasirika. Nikamwambia hilo halitoki kwenye mtihani, akae chini, tuendelee na madini. Alikaa. Kalamu yake ilibaki mezani kipindi chote.

Baada ya kipindi nilimwita ofisini nikitaka kujua kama alikuwa ananifanyia mzaha. Hakuwa na mzaha hata chembe. Nyumbani kwao, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka shuleni, kampuni ya dhahabu ilikuwa inapanua shimo lake. Wakati wa likizo wathamini walipita mji kwa mji na fomu zao za fidia. Walihesabu vyumba, miembe, migomba na makaburi, kisha wakaandika namba ukutani kwa rangi nyekundu. Alikulia kwa bibi yake, na bibi huyo aliandikiwa nyumba moja, jiko moja, makaburi mawili na zizi moja la miti.

"Makaburi ni matatu, madam," alisema. "Babu yuko kwenye zizi."

Hapo hakuhitaji kunieleza zaidi, maana mimi pia ni Msukuma. Mwenye mji wa zamani, mtu wa ng'ombe, alizikwa ndani ya zizi lake, na ng'ombe wakaendelea kulala na kukanyaga hapo juu mpaka ardhi ikawa sawa na kwingine. Hakuna saruji, hakuna msalaba. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Sasa kaburi lililoandikwa kwenye fomu huhamishwa, mabaki yakachukuliwa na ndugu wakazika upya kule wanakopelekwa. Lisiloandikwa linachimbwa pamoja na udongo na kumwagwa na malori. Fomu zilikuwa bado ofisi ya kata, zikisubiri kupelekwa wilayani. Alichotaka yule mtoto ni babu yake aingie kwenye fomu kabla haijaondoka, basi.

Usiku ule usingizi uligoma. Mimi nilizaliwa Maganzo, baba yangu alichimba almasi maisha yake yote akaambulia kikohozi, na tangu nina akili uzio wa mgodi ulikuwa pale. Niliukuta kama nilivyoikuta milima. Nimesoma mpaka chuo kikuu, nimesoma historia, na sikuwahi kumuuliza mtu yeyote nani alilima ndani ya uzio ule kabla haujawekwa. Nilijionea aibu, na aibu kwangu hugeuka kuwa kazi. Nilinunua bando, nikasoma kwenye simu mpaka macho yakauma.

Kipindi kilichofuata niliacha daftari ofisini. Niliwafundisha kwa Kiswahili kitupu vipindi viwili mfululizo. Niliwaeleza kuhusu Wacheroki, watu wa kusini mashariki mwa Marekani, waliokuwa na mashamba, na herufi zao wenyewe, na gazeti lao. Dhahabu ilionekana kwenye ardhi yao. Wakaenda mahakamani, kesi ikafika juu kabisa, wakashinda. Halafu wakaondolewa kwa bunduki, wakatembezwa kwenda magharibi kwenye baridi, na wengi walikufa njiani. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi sikusikia kiti kikiburuzwa.

Kisha wakaanza kubishana, na walibishana vizuri. Kijana mmoja ambaye baba yake ni mnunuzi wa dhahabu alisema kosa ni la Wacheroki wenyewe, wangewahi kuchimba wao. Mwingine akamwambia, "Ukishachimba ndiyo wanakuja haraka zaidi, kaulize kwetu." Msichana wa nyuma akasema wangetegesha, wangepanda mipapai usiku na kuinua vibanda vya bati ili wahesabiwe vingi, kama wanavyofanya watu wa huku. Tulicheka wote mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia.

Yule wa mstari wa pili hakucheka. Aliuliza, "Kama walishinda kesi na bado wakaondolewa, gazeti na karatasi zao ziliwasaidia nini?"

Nikamjibu kwa raha ya mwalimu aliyeshinda siku yake. Nilisema, "Ziliwasaidia hivi: waliandika, ndiyo maana leo wewe uko Masumbwe na unawajua. Kilichoandikwa mahali kinabaki." Aliiandika sentensi hiyo kwenye daftari lake na kuipigia mstari, nilimwona. Ningejua, ningeimeza.

Mwalimu wa taaluma aliniita kesho yake. Si mtu mbaya. Ana watoto watano na presha. Alisema amesikia nafundisha siasa za fidia. Nikasema nafundisha historia ya Marekani. Akanijibu, "Madam, historia ya Marekani ina hoja sita. Mtihani wa utamilifu uko mbele yetu, mwaka jana tulikuwa wa pili kutoka mwisho. Hao Wacheroki wako ni hoja ya ngapi?" Hawakuwa hoja yoyote. Hawamo. Nilirudi darasani na daftari langu la selotepu.

Lakini Jumamosi nilikodi pikipiki nikaenda na yule msichana kwao. Bibi yake alikuwa anapepeta mtama. Nilimpigia goti, shikamoo, akaniitikia marahaba kisha akarudia kwa Kisukuma, mwangaluka, akafurahi kwamba nimeijibu bila kujikwaa. Alinipeleka kwenye zizi. Ng'ombe walikuwa malishoni, pamebaki samadi kavu na inzi. Alisimama hatua chache kutoka mlangoni, akaelekeza kwa kidevu, si kwa kidole.

"Amelala hapo. Alisema mwenyewe, msinitoe kwa ng'ombe wangu. Yule kijana wa fomu akaniuliza, mama, alama iko wapi? Nikamwambia alama ni ng'ombe. Akaandika zizi."

Nakala ya fomu alikuwa nayo kwenye mfuko wa nailoni, ina dole gumba lake chini. Alinitazama jinsi watu wa kijijini wanavyomtazama mtu aliyesoma, kana kwamba kusoma ni ufunguo. Nilitamani ardhi inimeze.

Siku ile ile tulipita kwa mtendaji wa kata, ambaye tulimkuta ofisini akifunga bahasha. Alitupatia viti, akatusikiliza mpaka mwisho. Alisema anaamini kwamba pale pana kaburi, na yeye ni mtu wa huku, mila hiyo anaijua. "Lakini siwezi kuambatanisha maneno ya mdomo, madam. Nileteeni karatasi. Karatasi iliyopita mahali ikapigwa muhuri wa serikali, inayosema hapo pana kaburi. Nitaibana kwenye fomu, iende." Babu alifariki zamani, nyumbani, hakukuwa na kibali cha mazishi wala cheti cha kifo. Mwenyekiti wa kitongoji wa wakati huo alishakufa, na wa sasa alihamia juzi, akagoma kugonga muhuri wake kwenye jambo asilolishuhudia. Tukarudi shuleni. Nilidhani nimefanya nilichoweza.

Mtihani wa utamilifu, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa, ulikuja. Kwetu walimu wa shule kadhaa hukusanyika mahali pamoja na kusahihisha kwa mkondo: kila mwalimu anapewa swali moja, kijitabu kinapita mezani kwake, anasahihisha swali lake, anaweka alama kwa kalamu nyekundu na sahihi yake pembeni, kinakwenda kwa mwenzake. Majina hakuna, ni namba tu. Jalada la kila kijitabu limepigwa muhuri wa ofisi ya elimu ili mtu asichomeke karatasi za nje. Mimi nilipewa swali la Marekani. Wenzangu walinitania kwamba nimepewa mteremko.

Siku ya pili, mchana, baada ya wali na maharage, nilikutana na mwandiko wake. Utangulizi ulikuwa kwa Kiingereza, safi, wa kukariri. Halafu akaanza hoja ya kwanza, na lugha ikageuka.

Aliandika kwa Kiswahili kwamba ardhi kubwa ya Marekani haikupatikana bali ilikuwa na wenyewe, na akatoa mfano wa Wacheroki. Kisha akaandika: "Mfano mwingine ni nyumbani kwetu. Ndani ya zizi la bibi yangu, hatua nane kutoka mlangoni, upande wa mkono wa kulia, amezikwa babu yangu. Ng'ombe hupita juu yake kwa sababu ndivyo mila yetu inavyotaka. Hakuna saruji. Wathamini waliandika zizi. Naandika hapa kwamba ni kaburi." Likafuata jina kamili la marehemu kwa herufi kubwa, ambalo silirudii hapa, na jina la kijiji, na namba nyekundu iliyoandikwa kwenye nyumba yao. Hoja ya pili hadi ya sita hazikuwepo. Aliacha kurasa nne nyeupe.

Nilisoma mara mbili. Mkuu wa jopo letu, mama mmoja mtu mzima aliyefundisha karibu wilaya zote za huku, aliona nimekwama, akaja, akakichukua kijitabu. Mwanzoni alicheka. "Huyu mtoto kachanganyikiwa, kaleta msiba kwenye Marekani." Kisha akasoma tena, kicheko kikaisha. Alifungua mwongozo wa kusahihisha, akapitisha kidole ukurasa mzima kana kwamba anatafuta kitu alichokidondosha.

"Tutampa wapi, mwalimu?" aliniuliza taratibu. "Lugha siyo. Mfano haumo. Hata hoja moja nikimhesabia, wa shule nyingine walioandika Kiswahili niliwakatia asubuhi." Akaufunga mwongozo. "Inauma. Weka."

Ningeweza kusema namjua. Ningeweza kusema ni mimi niliyemwambia kilichoandikwa kinabaki. Niliogopa. Wangesema nimemfundisha ujinga, au mbaya zaidi, kwamba sisi wa shule ile tunatambua karatasi za watoto wetu. Nikaweka sifuri, nikaizungushia duara kama inavyotakiwa ili mtu asiigeuze sita, nikatia sahihi yangu. Kijitabu kikaenda kwa jirani.

Vijitabu vya utamilifu hurudishwa shuleni watoto waone makosa yao. Nilijiandaa. Nilipanga maneno ya kumwambia, ya ukali kidogo na huruma kidogo. Alikuja ofisini siku ile ile vilipogawiwa, kijitabu kifuani, na alikuwa anatabasamu. Sikuwahi kuliona jino lake lililopandana mpaka siku hiyo.

"Madam, kimerudi," alisema. "Muhuri upo."

Sikumwelewa. Akageuza jalada akanionyesha muhuri wa ofisi ya elimu, wa bluu, umekolea. Karatasi iliyopita mahali. Karatasi yenye muhuri wa serikali, inayosema hapo pana kaburi. Alikuwa amekaa kwenye chumba cha mtihani na kulifanya hilo kwa makusudi, akili zake timamu.

"Ungeandika hata kwa Kiingereza," nilisema.

"Bibi angesomewa nini?"

"Na maksi zako?"

"Zangu nitazitafuta kwenye mtihani wa taifa, madam. Babu hana mtihani wa taifa."

Aliniomba niwasindikize yeye na bibi kwa mtendaji, fomu zilikuwa zimecheleweshwa na sasa zinaondoka wiki ile. Nilikubali. Sikufikiri zaidi ya hapo. Niliona ile sifuri kama jambo la kati yangu na yeye, la darasani, na nikashukuru kwamba hajanilaumu.

Bibi alikuja amevaa kitenge cha kanisani na viatu vya kufunga. Mtendaji alikipokea kijitabu, akatazama muhuri, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasoma yote, taratibu, midomo ikicheza. Alipofika kwenye jina la marehemu alimtazama bibi na kuinamisha kichwa kidogo. Alishafungua mashine ya kubania karatasi. Ndipo akaona pembeni.

"Hii nyekundu ni ya nini?"

Msichana akajibu, "Ni alama ya swali."

"Sifuri?"

"Ndiyo."

"Ameweka nani?"

Msichana alilitazama lile duara. Alikuwa anaijua sahihi yangu. Nimemsahihishia madaftari miaka miwili. Alikuwa ameijua tangu alipofungua kijitabu, na alikuja ofisini kwangu akitabasamu hivyo hivyo.

"Mimi," nilisema.

Mtendaji aliweka mashine chini. "Wewe, mwalimu wa historia, umesoma maelezo haya ukaona ni sifuri."

Nilimweleza. Nilimweleza kuhusu lugha, kuhusu mwongozo, kuhusu hoja sita, kuhusu mkuu wa jopo. Nilisikia sauti yangu ikipanda kama ya mtu anayedai chenji sokoni. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikaishiwa.

"Nakuelewa, madam. Mimi nakuelewa. Lakini huko wilayani hutakuwepo kumweleza mtu. Ataona serikali imeletewa habari za kaburi, mtaalamu kaisoma, kaipa sifuri, katia na sahihi. Nikiibana hii kwenye fomu nitakuwa nimewaharibia. Afadhali iende bila kitu."

Akamrudishia bibi kijitabu kwa mikono miwili.

Bibi Kiswahili chake ni cha sokoni, na tulizungumza haraka. Alikuwa ameona karatasi ikisomwa yote na kichwa kikiinama mbele ya jina la mumewe. Akanigeukia mimi, si mjukuu wake, akaniuliza kwa Kisukuma wamesemaje. Nilimtazama msichana anisaidie. Alikuwa anatazama nje, kwenye pikipiki.

Nikamwambia wamesoma.

"Wamesoma yote?"

"Yote, mama."

"Wabeja," alisema, asante, na akaongeza wabeja sana. Akakikunja kijitabu ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na fomu yake, akaufunga mafundo mawili, akaniambia niwasalimie walimu wenzangu.

Jumatatu nilikuwa na vipindi viwili vya marudio, kidato cha sita. Nilifungua daftari, nikasoma hoja ya kwanza kama ilivyo. Yule wa mstari wa pili aliiandika pamoja na wenzake, kwa Kiingereza, mwandiko mzuri, bila kuinua kichwa.